Kadi ya PLC haitengenezwi tena: namna ya kuipata bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Herufi moja ilitugharimu siku nane. Kiwanda cha sukari nilichokuwa nikifanya kazi kilitumia PLC, yaani kidhibiti kinachoprogramika, aina ya Allen-Bradley SLC 500, kwenye konveya ya miwa na vinu, mtambo uliofungwa kabla baadhi ya mafundi wetu hawajazaliwa. Msimu ukiwa umepamba moto, kadi moja ya inputi, ile inayopokea ishara za swichi na sensa, ikafa. Ofisi ya ununuzi ikaambiwa kwa simu: "Tafuteni ya 1746, inputi kumi na sita, ya AC." Wakaipata Marekani, bei nzuri, ikaja kwa ndege. Ilikuwa 1746-IA16. Ya kwetu ni 1746-IM16.

Kwa macho kadi hizo ni mapacha. IA16 imetengenezwa kwa volti 100 hadi 120, umeme wa Wamarekani. IM16 ni ya volti 200 hadi 240. Mzee mmoja wa shifti ya usiku aliisoma lebo kabla hatujawasha, vinginevyo ningekuwa nasimulia habari ya moshi. Siku zote hizo tulijikongoja kwa kuhamishia waya kwenye nafasi tupu za kadi nyingine, huku miwa ikisubiri yadi. Mua ukishakatwa hausubiri mtu, kila siku inayopita sukari inapungua ndani yake.

Tangu hapo nina kanuni moja: kutafuta kipuri kwenyewe ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kujua hasa unatafuta nini, na kazi hiyo hufanywa mchana, mtambo ukiwa mzima. Mwongozo huu ni kwa fundi au msimamizi mwenye PLC zilizoachwa kutengenezwa, au zilizo njiani kuachwa. Mifano yangu mingi ni ya SLC 500 na Siemens SIMATIC, ya S5 na S7-300, kwa kuwa ndizo nilizohangaika nazo. Mwenye Omron, Mitsubishi au Modicon atabadilisha namba tu.

Hatua ya 1: Andika ulichonacho, hadi mkia wa namba

Chukua daftari au jedwali la kompyuta, pita paneli moja baada ya nyingine. Kwa kila kadi andika namba kamili ya oda, toleo, namba ya serieli, paneli iliyomo na nafasi yake kwenye reki, ile fremu inayoshika kadi. Piga picha lebo. Kwenye S7-300 namba iko usoni. Kwenye SLC lebo iko ubavuni, kwa hiyo lazima kadi ichomolewe, na hilo lisubiri siku ya matengenezo umeme ukiwa umezimwa. Usichomoe kadi ya SLC reki ikiwa na umeme.

Mkia wa namba ndio unaowaponza wengi. Chukua CPU, yaani ubongo wa PLC unaobeba programu, ya Siemens inayoitwa 315-2DP. Ukiwa na 6ES7 315-2AF03-0AB0, hiyo ni ya zamani, inatunza programu kwa betri. Ukiletewa 6ES7 315-2AG10-0AB0, jina ni lilelile, sura inakaribiana, lakini hii haina betri kabisa: inataka kadi ndogo ya kumbukumbu, MMC, na bila hiyo haifanyi kazi. Programu ya zamani inaweza kuingia, ila itabidi ubadilishe CPU kwenye mpangilio wa vifaa ndani ya STEP 7, programu ya kompyuta ya kuandikia PLC za Siemens, na kupakia upya. Kwa mwenye laptopu na faili ni kazi ya saa chache. Asiye navyo amenunua pambo la mezani.

Kwenye SLC angalia haya. 1746-IB16 na 1746-IV16 zote ni za volti 24 DC, lakini moja inapokea mkondo na nyingine inautoa, kwa hiyo ukizibadilishana sensa zako zitakataa kuonekana. Angalia pia mtandao wa mawasiliano: CPU ya 5/03 inazungumza DH-485, 5/04 inazungumza DH+, 5/05 ina Ethernet. Ukibadilisha moja kwa nyingine, vinu vinaweza kuzunguka vizuri huku skrini ya chumba cha udhibiti ikibaki imenuna.

Usiishie kwenye kadi. Andika pia konekta za mbele, nyaya za mawasiliano, pawasaplai, betri, na skrini za waendeshaji. Nimeona mtambo umesimama kwa kukosa konekta ya pini 20 iliyovunjika mdomo, huku kadi tatu nzima zikiwa stoo.

Halafu weka alama kwenye kila mstari: kadi hii ikifa, nini kinasimama? Kiwanda kizima, mstari mmoja, au taa tu? Na ziko ngapi za namna hiyo? Kadi ishirini za aina moja zinasaidiana. Kadi ya kipekee, kwa mfano ya kuhesabu mapigo ya enkoda au ya kupima uzito, ndiyo itakayokuliza.

Hatua ya 2: Jua imefikia wapi katika uzee wake

Watengenezaji hawaui bidhaa ghafla. Kwanza wanatangaza, halafu wanaacha kuiuza kama mpya, halafu inabaki kuuzwa kama kipuri kwa miaka kadhaa, mwisho mlango unafungwa. Siemens imekwisha kutangaza kustaafu kwa S7-300, na ahadi yake ya vipuri inafika 2033. Ndugu yake mkubwa S5, iliyotoka 1979, milango yake ilishafungwa zamani. Rockwell, wenye Allen-Bradley, waliifunga PLC-5 mwaka 2017.

Tovuti za msaada za kampuni hizi zinakuruhusu kuandika namba ya oda na kuonyeshwa hali yake, na mara nyingi namba ya mrithi wake. Fanya hivyo kwa kila mstari wa jedwali lako. Utagundua kitu cha kufurahisha: baadhi ya kadi unazodhani zimekufa bado zinauzwa na wakala halali, kwa namba iliyobadilika tarakimu moja mkiani. Kadi ya Siemens ya inputi 16 inayoishia 1BH02 inakaa vizuri mahali pa dada yake wa 1BH00 au 1BH01. Hapo hakuna haja ya kwenda kuwinda mitumba.

Hatua ya 3: Okoa programu kabla ya kuokoa chuma

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Kadi ya inputi ni ya duniani, utaipata Dubai, utaipata Ujerumani. Programu iliyo ndani ya CPU yako ni ya kiwanda chako peke yake, na duniani hakuna nakala nyingine isipokuwa uliyoitunza mwenyewe.

Anza na betri. CPU za SLC na zile S7-300 za zamani hutunza kumbukumbu kwa betri ya lithiamu. Taa ya betri ikiwaka na ukaipuuza, mtambo utaendelea kufanya kazi kama kawaida hadi umeme ukatike. Ukirudi, CPU imesahau kila kitu. Na umeme wetu tunaujua. Betri ya S7-300 hubadilishwa mtambo ukiwa umewashwa, ndiyo, umewashwa, kwa sababu ukizima na kuichomoa umejifutia mwenyewe.

Kisha unganisha laptopu, uvute programu kutoka kwenye CPU. Kuna mtego hapa: ukiivuta toka S7-300 au SLC, unapata mantiki tu. Majina ya sensa na maelezo ya kila mstari hayakai ndani ya CPU, yanakaa kwenye faili la mradi la aliyeandika. Bila faili hilo utaona I 4.3 badala ya "swichi ya mlango wa kinu cha pili". Kwa hiyo tafuta faili la asili: kwenye kabati la mhandisi aliyestaafu, kwenye CD iliyo nyuma ya kitabu cha mashine, kwa kampuni iliyofunga mtambo. Ukilikosa, vuta mantiki, halafu keti na michoro ya umeme uandike majina upya kidogo kidogo. Inachosha, lakini kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha mtambo wetu kuliko kozi yoyote.

Kama programu imefungwa kwa nenosiri la mtengenezaji wa mashine, mwandikie barua rasmi leo, kampuni yake ingali hai. Kampuni za mashine nazo hufa.

Laptopu yenyewe ni kipuri. S5 inahitaji programu ya STEP 5 na waya maalumu wa mkondo wa miliampea 20, na inapenda mlango halisi wa serieli. Viunganishi vya USB mara nyingi huigomea. Tunza laptopu moja ya Windows XP, isiguse intaneti, na utengeneze nakala ya diski yake nzima. Usikubali mtu wa kompyuta aisafishe kwa nia njema: leseni za Siemens hukaa zimejificha ndani ya diski, na akiifomati zimekwenda. Vilevile usifomati kamwe kadi ya MMC ya S7 kwenye Windows. Windows itakuomba ruhusa kwa upole, ukikubali umeua muundo wa ndani wa kadi, na CPU haitaitambua tena.

Nakala ziwe tatu, moja nje ya kiwanda. Tarehe iandikwe.

Hatua ya 4: Hakikisha mgonjwa ameumwa kweli

Kadi nyingi zinazopelekwa chakavu ni nzima. Kabla hujaagiza, pima volti 24 za pawasaplai ya paneli zikiwa chini ya mzigo, angalia fyuzi, kaza skrubu za konekta ya mbele, sogeza waya kwenye nafasi jirani uone kama kosa linahama nao. Kadi za autiputi za relei mara nyingi zimekufa relei moja tu, na relei ya pini tano inang'olewa na kulehemewa nyingine.

Pawasaplai za zamani huuawa na kapasita za elektroliti. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 haifi baada ya saa 2,000 kwenye paneli yako. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukishusha nyuzi 10 umri unazidishwa mara mbili. Kwa nyuzi 65 ni kama saa 32,000, yaani miaka mitatu na nusu na ushei ya kuwaka mfululizo. Kwa nyuzi 45 ni saa 128,000, zaidi ya miaka kumi na minne. Ndiyo maana feni ya paneli ya bei ya chai ina thamani kuliko kadi inayoilinda. Kapasita nzuri zinapatikana Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, ila nunua zenye jina na za nyuzi 105, na uzipime kabla ya kuzilehemu. Unapofungua pawasaplai, subiri chaji iishe, na uthibitishe kwa mita.

Hatua ya 5: Tafuta, ukianzia jikoni kwako

Mpangilio wangu wa kutafuta ni huu, na siuruki.

Kwanza ndani ya uzio. Kuna nafasi tupu kwenye kadi zilizopo? Kuna mashine iliyosimama tangu mwaka juzi na paneli yake bado imefungwa? Nenda stoo mwenyewe, usimtume mtu, kwa sababu kwenye vitabu vya stoo kadi ya analogi huandikwa "kifaa cha umeme" na kuwekwa karibu na taa. Niliwahi kukuta CPU mpya kabisa, plastiki haijafunguliwa, imelala miaka chini ya boksi la glovu.

Pili, majirani. Viwanda vya saruji, bia, chai, nguo na sukari vya ukanda huu vilifungiwa mitambo na kampuni zilezile za Ulaya katika miaka inayokaribiana, kwa hiyo kadi zinafanana kuliko wenye viwanda wanavyojua. Tengenezeni kundi la mafundi wa vyombo vya kupimia na udhibiti, kila mmoja aorodheshe anachotumia. Kukopeshana kadi kwa maandishi, kwa sahihi ya mameneja wote wawili, kumeokoa misimu. Na kiwanda kinapotangaza kubadilisha mitambo, piga simu wiki hiyohiyo. Kilicho takataka kwao ni akiba yako ya miaka mitano.

Tatu, wakala halali wa mtengenezaji nchini mwako, hata kama una hakika atasema hakuna. Mwombe aulize makao makuu kuhusu kubadilishana kadi mbovu kwa iliyotengenezwa upya kiwandani. Huduma hiyo ipo kwa bidhaa nyingi zilizokwisha kusitishwa, na inakuja na karatasi zinazoeleweka na mkaguzi.

Nne, kampuni zinazoishi kwa biashara hii ya vipuri vya zamani: Radwell ya Marekani, EU Automation ya Uingereza, na nyingine ndogondogo za Ujerumani na Uholanzi zinazonunua paneli za viwanda vilivyofungwa. Bei zao zinauma, lakini nyingi zinapima na kutoa dhamana.

Tano, wafanyabiashara wa Deira, Dubai. Faida yao ni ukaribu na usafiri wa kila siku. Walio makini wana meza ya majaribio. Wengine ni madalali wa simu tu.

Mwisho kabisa ni eBay na masoko ya China. Siyasusi, nimepata kadi nzuri huko kwa bei ya kutupa. Lakini nikinunua huko huwa nanunua mbili, na nazinunua kabla ya shida.

Neno kuhusu madalali. Ukiona matangazo kumi ya kadi moja, usidhani zipo kumi. Mara nyingi ipo moja, mahali pamoja, na tisa wameinakili kwenye orodha zao. Ukituma ombi la bei kwa wote kumi, wote watampigia mwenye nayo, naye atadhani dunia nzima inaitaka. Bei inapanda kwa sababu yako mwenyewe. Uliza wawili au watatu, na usiandike kwamba kiwanda kimesimama.

Kwenye kazi za usalama sina mjadala: kidhibiti cha moto wa boila, relei za usalama, vitufe vya dharura, CPU za usalama. Huko mtumba hauingii, hata uwe umeletwa na ndugu yako wa damu. Nunua mpya yenye cheti, au badilisha mfumo wote wa sehemu hiyo.

Hatua ya 6: Mhoji muuzaji

Maneno ya wauzaji yana tabaka, na kila tabaka lina bei yake. Kuna mpya iliyofungwa, mpya iliyofunguliwa boksi, iliyofanyiwa matengenezo, iliyong'olewa ikiwa inafanya kazi, na ile ya "kama ilivyo", ambayo maana yake ni kwamba muuzaji anajua ni mbovu ila hataki kusema. Mwambie aandike tabaka hilo kwenye ankara.

Omba picha ya kadi yenyewe, si ya katalogi, ikiwa pembeni ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono jina la kampuni yako na tarehe ya leo. Asiye na kadi mkononi hawezi picha hiyo. Omba picha ya lebo inayosomeka hadi toleo, picha ya pini za nyuma, na ya ndani kupitia matundu ya hewa. Vumbi jembamba la kawaida halinitishi. Kutu ya kijani kwenye pini inanitisha, maana kadi hiyo imekaa pwani au imelowa.

Feki zipo. Dalili ninazoziangalia: maandishi ya lebo yenye wino uliotanda au herufi zisizolingana na za kadi zako, boksi jipya linalong'aa kwa bidhaa iliyoachwa kutengenezwa miaka kumi nyuma, namba ya serieli ya boksi tofauti na ya kadi, skrubu zilizokwanguka. Kadi ikifika, futa juu ya chipu kwa pamba yenye asetoni: maandishi yakitoka na uso wa chini ukaonekana umesuguliwa, chipu hiyo imebandikwa jina lisilo lake.

Dhamana ihesabiwe tangu siku kadi inapokufikia. Muuzaji hupenda kuhesabu tangu ilipoondoka kwake, na dhamana ya siku 30 inaweza kuishia yote bandarini.

Kuhusu malipo nasema kifupi: lipa kupitia njia inayokuruhusu kudai fedha zako, jina la akaunti lifanane na jina la kampuni kwenye ankara, na anayeomba utume kwa mtu binafsi mwache.

Hatua ya 7: Njia ya kuja nyumbani

Mwambie muuzaji aandike ankara kwa lugha inayoeleweka: kidhibiti kinachoprogramika, namba ya oda, imetumika au mpya, nchi ilikotengenezwa. PLC huingia kwenye kifungu cha ushuru 8537.10. Ikiandikwa "vifaa vya elektroniki" tu, afisa wa forodha atachagua kifungu mwenyewe, na hatachagua cha kukupendeza. Juu ya ushuru kuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 Tanzania na Uganda, 16 Kenya. Muulize wakala wako wa forodha kabla ya kulipa, si baada ya mzigo kutua, kama bidhaa yako, hasa iliyotumika, inataka cheti cha ubora cha TBS au KEBS. Usimwombe muuzaji apunguze thamani kwenye ankara. Mzigo ukipotea utalipwa hiyohiyo thamani ya uongo.

Betri zisafiri mbali na kadi. Seli za lithiamu zikiwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, na boksi lenye betri isiyotajwa linaweza kukwama uwanjani wiki nzima kwa kitu cha ukubwa wa kidole. Mwambie muuzaji aitoe betri kwenye CPU, wewe ununue betri kwa njia yake.

Ukituma kadi yako nje kutengenezwa, namba ya serieli iandikwe kwenye nyaraka za kutoka kwa muda. Ikirudi utaweza kuonyesha ni ileile iliyoondoka, na usidaiwe kama umenunua mpya.

Hatua ya 8: Ipime siku inapofika

Kadi isiyopimwa isiingie stoo. Inaonekana jambo dogo, lakini dhamana hufa kimya kimya kadi ikiwa rafuni.

Tengeneza meza ya majaribio: ubao, pawasaplai, reki ndogo, CPU ya akiba, swichi chache na taa. Kabla ya kuwasha angalia jampa, kile kiunganishi kidogo cha kuchagua mpangilio. Pawasaplai za SLC za 1746-P1 na P2 zina jampa ya kuchagua 120 au 240, na ikitoka Marekani huenda imekaa kwenye 120. Kadi ya analogi ya Siemens, 6ES7 331-7KF02-0AB0, ina vipande vidogo vya mraba ubavuni vinavyochagua aina ya kipimo, vikiwa na herufi A, B, C na D. Inakuja ikiwa kwenye B, yaani volti. Vipima shinikizo vyako vya waya mbili vinataka D. Nakili kutoka kadi ya zamani kipande kwa kipande, kwa picha. Fanya hivyohivyo kwa swichi za anwani kwenye vituo vya PROFIBUS, mtandao unaounganisha PLC na vifaa vyake.

Kwa kadi za dijitali, washa na uzime kila nafasi. Kwa analogi ingiza miliampea 4, 8, 12, 16 na 20. Kwenye S7-300, 20 inasomeka 27648 na 12 inasomeka 13824; ukiona tofauti kubwa au namba inayochezacheza, irudishe. Halafu iache ikiwaka siku mbili, kwa sababu kadi mbovu nyingi hufanya vizuri zikiwa baridi. Andika tarehe na jina la aliyepima kwenye karatasi, uibandike.

Kuhifadhi ni hivi: mfuko wa kuzuia umeme tuli, pakiti ya silika, boksi lililofungwa, chumba kikavu. Si juu ya kabati karibu na boila, na Tanga au Mombasa si kwenye kontena la bati lisilo na kiyoyozi. CPU ihifadhiwe bila betri ndani. Pawasaplai ziwashwe mara moja kwa mwaka kwa saa chache, kapasita zisilale usingizi wa mauti. Draivu za mota zilizokaa miaka bila umeme zinataka upole zaidi: zipandishiwe volti polepole kwa variaki, yaani transfoma ya kurekebisha volti, maana zikipigwa volti zote kwa mkupuo kapasita zinaweza kupasuka.

Hatua ya 9: Panga mstari mmoja wa kujitoa mhanga

Mwenye kiwanda atakuuliza: tutaokoteza hadi lini? Jibu langu si "tubadilishe vyote", kwa sababu hana fedha za vyote na wewe huna muda wa vyote kati ya msimu na msimu. Chagua mstari mmoja, mdogo, wenye kadi zinazofanana na za mistari mikubwa. Uhamishe huo kwenye PLC mpya wakati wa matengenezo makubwa. Umepata vitu viwili kwa bajeti moja: mafundi wamejifunza mfumo mpya mahali ambapo kosa halisimamishi kiwanda, na reki nzima ya kadi zilizokuwa zikifanya kazi hadi jana imekuwa akiba ya mistari iliyobaki.

Kwenye maombi ya fedha usiandike "kuboresha mfumo wa udhibiti". Andika kadi zipi haziuzwi tena, ziko ngapi, akiba iliyopo ni ngapi, na saa moja ya kusimama inagharimu tani ngapi za miwa. Mhasibu anaelewa tani.

Kabla ya kung'oa, piga picha kila kadi ikiwa inawaka, andika nafasi yake na ubandike karatasi. Na siku ya kung'oa paneli ufike asubuhi na maboksi yako, mifuko yako na kalamu, kabla gari la chuma chakavu halijaingia getini.